Macho mazima lakini sura za watu hazijui: hivi tunaona kwa macho au kwa kisogo?

#1 Mwanamagu
Wakuu habari za jioni. Naomba kujuzwa kitu maana kwetu imekuwa kesi. Baba mkubwa wangu yuko Magu, ana miaka 67, mfugaji. Mwezi wa tatu alipata kiharusi. Mkono na mguu havikuguswa sana, baada ya wiki mbili akawa anatembea tukamshukuru Mungu. Shida ikaja kwenye kuona. Macho kapimwa, mtoto wa jicho hana, presha ya macho hana, zile herufi za ukutani anashuka nazo mpaka karibu mstari wa mwisho. Lakini watu hawatambui! Wiki iliyopita nimeenda, nimekaa kwenye kigoda mbele yake, ananitazama tu kama mtu aliyekuja kuuza sola. Nikasema shikamoo baba mkubwa, palepale akacheka, "marahaba, kumbe ni wewe, mbona umekonda". Yaani kukonda kaona, ila mimi ni nani hajui mpaka nifungue mdomo. Mama mkubwa anamjua kwa kitenge, siku akivaa kipya anakaribishwa kama mgeni.

Sasa daktari mmoja akatuambia "macho hayaoni, kinachoona ni kisogo". Familia imegawanyika, kuna wanaosema karogwa, kuna wanaosema anajifanya kwa sababu ya maneno ya shamba. Na kinachowapa nguvu hawa wa pili ni kwamba ng'ombe wake anawajua wote, mmoja mmoja! Mtu ashindwe kumjua mkewe ajue ng'ombe? Wajuzi mje.

#2 Kidagaa wa Mwaloni
Nimeshavuta kigoda changu hapa, kahawa ipo. Huu uzi usife.

#3 Sista wa Zamu ya Usiku
Pole mkuu. Mimi ni nesi, si daktari wa neva, ila wagonjwa wa kiharusi nimelaza wengi. Hajifanyi huyo, hali hiyo ipo na ina jina, prosopagnosia, aliiita hivyo Mjerumani Bodamer mwaka 1947 kwa askari waliopigwa kichwani vitani. Mtu anaona pua, anaona macho, anaona mdomo, hata kama umenuna anaweza kukwambia, ila havikusanyiki vikawa "fulani". Ndo maana wanashika sauti, mwendo, nguo, kovu.

Maswali mawili kabla sijarudi wodini. Akila, anaacha chakula upande mmoja wa sahani? Na anagonga miimo ya mlango? Na nyie msikae tu mtandaoni, mrudisheni kliniki, kiharusi cha kwanza ni onyo.

#4 Fundi Redio
Hapa mbona simpo wakuu. Jicho ni kamera, ubongo ni skrini. Kamera nzima, waya mzima, skrini imekufa pikseli za sura. Nimetengeneza TV miaka 20, ukikuta picha ipo ila rangi hakuna unajua kabisa saketi ipi imeondoka.

#5 Panya wa Maabara
@Fundi Redio hapo mwisho uko karibu kuliko unavyojua, ila hapo mwanzo umetuangusha. Ubongoni hakuna skrini, maana ukiweka skrini itabidi uweke na mtu wa kuiangalia, na huyo mtu naye ana jicho lenye skrini, tutaishia wapi?

Niko Ujerumani nasoma haya mambo, kazi yangu kila siku ni kumwonesha panya mistari kwenye kioo na kusikiliza seli zake. Ngoja niwape njia yenyewe. Nyuma ya jicho kuna retina, ina vipokea mwanga zaidi ya milioni 100, ila neva inayotoka jichoni ina nyuzi kama milioni 1 tu. Kwahiyo jicho lenyewe limeshapunguza na kuchambua kabla halijatuma kitu: wapi pana mpaka wa giza na mwanga, wapi pana rangi, wapi kumetikisika. Neva mbili zinakutana chini ya ubongo zinapishana nusu nusu, ya upande wa pua inavuka ya upande wa sikio inabaki. Matokeo yake kila kitu kilicho kushoto kwako, kwa macho YOTE mawili, kinaenda ubongo wa kulia. Watu wengi wanadhani jicho la kushoto linaenda kulia basi, sio hivyo.

Kutoka hapo inaingia kituo cha kati kilicho ndani ya talamasi, kipande kidogo chenye matabaka 6 yaliyopangwa kama chapati, kila tabaka linapokea jicho moja tu. Halafu ndo inaenda kisogoni, eneo linaitwa V1. Kwahiyo daktari wenu hajakosea, ila kisogo ni mlango wa sebule tu. Baada ya hapo kuna V2, V4, eneo la mwendo MT, na mengine kibao. Felleman na Van Essen mwaka 1991 walichora ramani ya nyani aina ya makaki wakahesabu maeneo 32 yanayohusika na kuona na njia 305 za kuyaunganisha. Ule mchoro ukiuona utadhani ni nyaya za umeme za uswahilini.

#6 Kidagaa wa Mwaloni
Chapati sita 😂 sasa nimeelewa talamasi na nimepata njaa.

#7 Mtumbatu
Ahsanteni. Mie nina la kujaribu kwa wasioamini kuwa ubongo hutunga. Chukua karatasi, chora msalaba mdogo kushoto, na nukta nene kulia, baina yao sentimita 8. Fumba jicho la kushoto, utazame ule msalaba kwa jicho la kulia, karatasi iwe mbali kama sentimita 30 kisha isogeze polepole mbele na nyuma. Pana pahali nukta itapotea. Hapo ndipo neva inapotoka jichoni, hapana kipokea mwanga hata kimoja. Sasa tazameni, je mwaona tundu jeusi? Hapana! Mwaona karatasi nyeupe. Nani kaipaka hiyo nyeupe? Si jicho.

#8 Fundi Redio
Dah nimejaribu na stakabadhi ya luku. Nukta imepotea kweli. Nimemwita mke wangu naye kajaribu, amesema tangu leo nisimwambie nimetafuta chumvi sijaiona.

#9 Nduthi ya Thika
Niaje wasee. Mimi nina kipandauso tangu shule. Kabla kichwa kianze kuuma naona kitu kama msumeno unametameta, inaanza ka-dot katikati, halafu inapanuka polepole kwenda upande mmoja kama dakika 20 hivi, ndani yake hakuna kitu, siwezi endesha nduthi kabisa lazima nisimame kando. Nilikuwa nadhani ni jicho. Siku moja nikafunga jicho la kushoto, bado iko. Nikafunga la kulia, bado iko. Nikafunga yote, BADO IKO. Hapo ndo nilijua hii kitu haiko kwa macho.

#10 Panya wa Maabara
@Nduthi ya Thika umefanya jaribio safi kuliko wanafunzi wengi wa huku. Kuna mtafiti Mmarekani, Karl Lashley, alikuwa nacho hichohicho, akawa anachora ule msumeno wake kila baada ya dakika kadhaa, akapiga hesabu kwamba kuna wimbi linatembea juu ya V1 yake kwa kama milimita 3 kwa dakika. Hiyo ni 1941. Baadaye vipimo vikamkubali. Na unavyosema unaanza kadoa halafu unapanuka ukienda pembeni, kuna sababu. Kwenye V1 katikati ya unachokitazama pamepewa eneo kubwa mno na pembeni pamepewa kidogo. Wimbi linatembea mwendo uleule, ila wewe unaona kama linaongeza spidi likifika pembeni kwa kuwa huko kipande kidogo cha ubongo kinabeba eneo kubwa la dunia. Ndo hivyohivyo neno hili unalosoma unaliona vizuri, la mstari wa tatu chini huwezi kulisoma bila kuhamisha jicho.

#11 Sista wa Zamu ya Usiku
Nyongeza kidogo hapo. Hiyo ramani ya kisogoni ilichorwa kwa damu za watu. Kwenye vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905 risasi zilikuwa nyembamba za kasi, zinapita kichwani zinatoka na askari anapona. Daktari wa macho Tatsuji Inouye aliwapima, tundu la kuingilia, tundu la kutokea, na sehemu gani ya macho haioni, akachapisha ramani 1909. Nilipofundishwa hili darasani nilikosa raha siku nzima.

@Mwanamagu hujanijibu ya sahani.

#12 Mwanamagu
Sista samahani nilikuwa njiani. Nimempigia mama mkubwa. Sahani ndiyo, anaacha, upande wa kushoto, jana kaacha maharage yote ya kushoto. Milango anagonga bega la kushoto mara mojamoja.

#13 Daktari wa Ng'ombe
Basi hiyo ni upofu wa nusu, njia ya kulia imekatika, kama alivyoeleza Panya pale #5. Kesi imefungwa.

#14 Sista wa Zamu ya Usiku
Usifunge bado dokta. Kuna aina mbili zinafanana. Wa kwanza kweli haoni kushoto, ila akishajua anageuza kichwa na anajua kuwa kuna pengo. Wa pili njia ya kuona inaweza kuwa nzima lakini upande wa kushoto HAUMHUSU, haupo kwenye hesabu zake. Huyo ananyoa ndevu nusu, na ukimwambia anakushangaa. Hiyo ni shida ya juu, pembeni mwa kichwa, sio kisogo.

Waitaliano Bisiach na Luzzatti 1978 walifanya kitu cha kutisha Milano. Wagonjwa wa namna hii waliambiwa wafikirie kichwani wamesimama uwanja wa kanisa kuu wanalitazama kanisa, wataje majengo. Wakataja ya kulia tu. Wakaambiwa haya sasa fikirini mmesimama upande wa pili, mlangoni mwa kanisa, mnalipa mgongo. Wakataja yale ambayo dakika iliyopita walikuwa hawayajui, na yale ya mwanzo yakapotea! Na hapo hawaangalii kitu chochote, ni kumbukumbu.

Kwahiyo mkuu, zungusha sahani kimyakimya halafu uone. Na umpe kamba umwambie ashike katikati yake.

#15 Mzee wa Gerezani
Wajukuu nawasoma tu. Yote hayo sawa, lakini mnapuuza mengine. Dada yangu mkubwa, miaka 81, macho yamekwisha kwa presha ya macho. Mwaka jana akaanza kuona watu wadogo, wamevaa kofia, wanapita ukutani kwa mstari, kimya, hawasemi neno. Akili yake timamu, anatania, anahesabu hela ya vitumbua. Mtaniambia na hilo ni kisogo? Sisi tumesoma kisomo, wakapungua.

#16 Daktari wa Ng'ombe
Shikamoo mzee. Pole kwa dada.

#17 Panya wa Maabara
Shikamoo mzee wangu. Sibishani na kisomo, ila nikueleze kitu umwambie bibi asiogope kwamba anarukwa na akili. Mwaka 1760 Mswisi Charles Bonnet aliandika habari za babu yake, mzee Lullin, macho yameisha, akili timamu, anaona watu na ndege na majumba, kimya kimya. Hali ikapewa jina lake. Watu wadogo wenye kofia na mavazi ya ajabu wanatajwa sana na wagonjwa wa nchi mbalimbali. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba maeneo ya kuona yakikosa habari kutoka machoni hayanyamazi, yanaanza kujisemea. Eneo la sura likijisemea unaona sura, la rangi likijisemea unaona rangi. Mara nyingi inapungua yenyewe na muda.

#18 Mzee wa Gerezani
Marahaba. Imepungua baada ya kisomo.

#19 Kidagaa wa Mwaloni
😂😂 Mzee hatoki kwenye mstari.

#20 Mtumbatu
Hapana cha kucheka, mzee kasema alichokiona. Hilo la Panya laeleza kwa nini yatokea, halielezi kwa nini wavae kofia.

#21 Panya wa Maabara
Hapo umenipiga chenga. Kofia sina jibu.

#22 Daktari wa Ng'ombe
Turudi kwa ng'ombe maana ndo idara yangu na naona mmeruka kitu kikubwa. Mleta mada kasema mzee hajui watu ila ng'ombe anawajua. Hii ilishaandikwa! Uingereza, 1993, McNeil na Warrington, mgonjwa wanamwita kwa herufi W.J., kiharusi kilimwondolea sura za watu, akaja kufuga kondoo BAADA ya kuugua, na akajifunza sura za kondoo wake kwenye picha vizuri kuliko sura za binadamu. Kwahiyo kuna watu wanasema ubongo una kiwanda maalum cha sura ya binadamu peke yake, kikiungua kinaungua chenyewe.

Na wanyama wenyewe wamo. Kendrick na wenzake kule Cambridge mwaka 2001 waliripoti kondoo anakumbuka sura za kondoo wenzake 50 kwa miaka miwili. Mtu akikuita kondoo usichukie.

#23 Panya wa Maabara
Kiwanda cha sura kipo, chini ya ubongo pembeni, zaidi upande wa kulia, Kanwisher alikionesha kwa mashine 1997. Na kwa makaki, Tsao na wenzake 2006 waliingiza sindano kwenye kipande kimojawapo wakakuta karibu seli zote pale zinalia kwa sura tu. Lakini kuna ugomvi hapo wa miaka. Gauthier na kundi lake wanasema hicho si kiwanda cha sura, ni kiwanda cha UTAALAM. Walifundisha watu kutofautisha vinyago vya kompyuta visivyofanana na kitu chochote duniani, wakizoea, eneo lilelile linawaka. Kwa hoja hiyo sisi wote ni wataalam wa sura tangu utotoni ndo maana linaonekana la sura.

Sasa mkuu Mwanamagu, baba yako mkubwa ni mtaalam wa ng'ombe miaka mingapi? Kama ni kiwanda cha utaalam basi ng'ombe nao wangepotea. Hawajapotea. Hoja kwa kundi la kwanza.

#24 Sista wa Zamu ya Usiku
Au anawajua ng'ombe kwa baka na pembe kama anavyomjua mkewe kwa kitenge. Hapo hujathibitisha kitu.

#25 Daktari wa Ng'ombe
Mmh. Kweli. Ng'ombe hawabadilishi kitenge.

#26 Fundi Redio
Mimi bado na hoja yangu. Simu yangu inanijua sura, haina kisogo. Kwahiyo ni hesabu tu.

#27 Panya wa Maabara
Na hiyo hesabu unajua ilitoka wapi? Kwa paka. Mwaka 1958 vijana wawili, Hubel na Wiesel, walikuwa Baltimore wanasikiliza seli moja ya kisogo cha paka aliyelazwa usingizi. Wanamwonesha madoa, vioo vyenye nukta nyeusi, masaa, seli imenuna. Wakiwa wanachomeka kioo kwenye mashine, seli ikaanza kulia kama bunduki. Kumbe si nukta, ni UKINGO wa kile kioo ulitupa kivuli cha mstari ukapita kwa mlalo fulani. Seli ilikuwa inasubiri mstari wa mlalo ule tu. Wakajenga picha: seli za mstari zinaungana kufanya kona, kona zinaungana kufanya umbo na kuendelea. Wakapata Nobel 1981. Mjapani Fukushima akachukua wazo hilo mwaka 1980 akatengeneza mtandao wa kompyuta wenye ngazi hizohizo, na programu nyingi za kutambua picha ni wajukuu zake. Kwahiyo simu yako Fundi ina kipande cha kisogo cha paka.

Lakini msidhani ni ngazi ya kupanda tu. Ile talamasi ya chapati, kati ya viungio vyake vinavyotoka jichoni ni karibu 10 kwa 100 TU. Vingi vinavyobaki vinatoka juu kurudi chini na kwingineko. Ndo maana kuna kundi la tatu wanasema ubongo haupokei picha, unakisia picha kwanza halafu macho yanarekebisha makosa. Mimi profesa wangu ni wa kundi hilo, mwenzie wa ghorofa ya pili hataki hata kulisikia, kwenye kahawa tunakaa kati yao.

#28 Nduthi ya Thika
Hii ya kukisia iko. Usiku barabarani kila mfuko wa plastiki ni mbwa mpaka ufike.

#29 Mtumbatu
Na wanyama wasiotumia macho je? Kisogo chao kikoje?

#30 Daktari wa Ng'ombe
Swali tamu. Kuna wale panya fuko wasio na manyoya, wapo Kenya, Ethiopia na Somalia, wanaishi chini ya ardhi, wana meno ya mbele yanatoka nje ya mdomo ndo jembe lao. Catania na Remple walipima ubongo wao 2002 wakakuta eneo la kuhisi mguso limetanuka mpaka limekalia sehemu ambayo kwa panya wengine ni ya kuona, na karibu theluthi ya eneo la mguso ni la meno ya mbele peke yake. Ardhi ya ubongoni haikai pori, jirani anahamisha mipaka.

#31 Mwanamagu
Kama shamba letu Magu.

#32 Sista wa Zamu ya Usiku
Na kwa binadamu hivyohivyo. Waliozaliwa vipofu au waliopofuka wadogo, wakisoma maandishi ya nukta kwa kidole, kisogo chao kinafanya kazi, ilionekana 1996. Ndo maana mtoto mwenye mtoto wa jicho hatakiwi kusubiri. Hao hao Hubel na Wiesel walishona jicho moja la paka mchanga, walipolifungua baada ya miezi jicho lilikuwa zima kabisa ila kisogo kilishampa jicho lingine nafasi yote. Jicho zima, na halioni. Nimeshaona mama kasubiri mtoto afike darasa la kwanza ndo amlete, lensi ikawekwa vizuri kabisa, mtoto anatabasamu kwenye mwanga lakini kikombe mezani anakipapasa.

#33 Panya wa Maabara
Hata panya wangu ana mambo. Kwake zaidi ya 90 kwa 100 ya nyuzi zinavuka upande wa pili, kwa kuwa macho yako pembeni. Na nyuzi nyingi, kama 85 kwa 100 au zaidi, zinapita pia kwenye kituo cha zamani katikati ya ubongo, kile cha kugeuza kichwa na kukimbia mwewe. Sisi tunacho pia ila tumekifunika.

Na kinafanya kazi chinichini! Uingereza kulikuwa na mgonjwa D.B., alikatwa kisogo cha kulia kwa upasuaji, anasema kushoto sioni KITU. Weiskrantz na wenzake, 1974, wakamwambia sawa, kisia tu taa iko wapi, onesha kidole. Akapatia mara nyingi mno kuliko bahati. Akaoneshwa matokeo akashangaa yeye mwenyewe. Mkono unajua, mwenyewe hajui.

#34 Kidagaa wa Mwaloni
Hii hapana. Mkono unajua mwenyewe hajui?? Naenda kulala.

#35 Sista wa Zamu ya Usiku
Kuna kinyume chake pia kabla hujalala. Mgonjwa D.F., alivuta moshi wenye kaboni monoksaidi mwaka 1988. Ukimwonesha tundu la posta lililolazwa mshazari hawezi kukwambia limelala vipi. Ukimpa kadi aitumbukize, mkono unajigeuza wenyewe ukiwa njiani na kadi inaingia. Goodale na Milner wakasema basi kuna barabara mbili, ya chini ya kujua kitu NI NINI, ya juu ya kukishika. Yeye ya chini ndo iliharibika. (Na jamani jiko la mkaa lisiingizwe chumbani.)

#36 Panya wa Maabara
Barabara mbili sawa ila siku hizi wanaona zinaongea sana katikati, na vipimo vya D.F. vyenyewe vimebishaniwa upya. Usiuchukue kama msahafu.

#37 Mwanamagu
Wakuu nimerudi, nilienda Magu Jumamosi. Nimefanya mlichosema.

Sahani: alipoacha kushoto nikaizungusha huku namwongelesha. Akatazama akasema "nani kaniongezea maharage". Akala. Kamba: kashika karibu sana na mkono wa kulia, mbali na katikati. Sista utajua mwenyewe.

Ng'ombe: nilipiga picha vichwa vyao kwa simu, nikakata picha ibaki sura tu, baka za mwilini hazionekani. Ng'ombe 9. Nikamwonesha mmoja mmoja. Amepata 6. Kati ya hao 6, mmoja alisema "huyu si ndo pembe yake ilikatika kwenye josho", na mwingine akasema "huyu ana sikio limechanika". Wanne hakusema sababu, nilimuuliza umemjuaje akaniangalia kama mjinga, akasema "ni yeye". Waliokosewa 3 wote ni ndama wa mwaka huu.

Halafu nikamwonesha picha za watu 9 wa nyumbani, nimekata nywele na nguo. Amepata 1, mdogo wangu, ana pengo la jino.

#38 Daktari wa Ng'ombe
Wanne bila sababu! Kiwanda cha ng'ombe kipo kivyake, nilisema mimi.

#39 Panya wa Maabara
Na ndama wamemshinda kwa kuwa wamezaliwa karibu na kiharusi au baada yake. Hao wa zamani anawatoa kwenye kumbukumbu, wapya hawezi kuwaingiza. Kwahiyo si kiwanda cha ng'ombe, ni mlango wa kuingizia umefungwa.

#40 Sista wa Zamu ya Usiku
Mkewe amezaliwa baada ya kiharusi?

#41 Panya wa Maabara
🤐

#42 Sista wa Zamu ya Usiku
Wanne ni wachache, na ndama wote wanafanana hata mimi nisingewajua. Mkuu hiyo ya kamba na maharage peleka kliniki kama ilivyo, waambie hivyohivyo ulivyoandika. Na mwambieni mama mkubwa na wote wa nyumbani, wakiingia waanze kuongea kabla hawajakaa.

#43 Fundi Redio
Au mama avae kitenge kilekile kila siku.

#44 Mwanamagu
Nimemwambia mama mkubwa hilo. Amesema anunuliwe vitatu vya aina moja, kimoja cha kufua.